Mnanaa wa Rafu ya Juu

Mkandaji alikuwa amezamisha vidole katika mabega ya fundi cherehani simu ilipolia. Hakuipokea. Mteja akiwa kitandani, simu hungoja.

"Nipake mafuta ya rafu ya juu," fundi alisema, uso ukiwa kwenye mto wa kitanda. "Ya chini yana madawa ya shambani, utanichubua."

"Ngozi ngumu kama turubai, utachubuka nini?"

Wakacheka. Mkandaji akachukua chupa ya juu. Kwa miaka sita alikuwa akiwaimbia wateja wimbo mmoja: mafuta ya kunukia ya rafu ya chini, ya kawaida, pima matone, uyazimue kwa mafuta ya nazi. Ya juu ni ya kilimo hai, hayana kemikali, jipake tu.

"Ile chupa ya mnanaa uliyonipa jana nimemwekea kichanga wangu," fundi alisema. "Akishikwa na mafua tu, nampaka."

Simu ikalia tena. Safari hii akaipokea; alikuwa binti yake.

"Mama, mtoto anapumua vibaya."

Mjukuu alikuwa na miezi minne.

"Vibaya vipi?"

"Alikuwa na mafua, nikampaka mnanaa kifuani na chini ya pua. Sasa anavuta pumzi, ananyamaza, halafu anavuta tena."

"Umeuzimua?"

"Ni ule wa rafu ya juu, Mama. Si ulisema hauna madhara?"

"Mfute! Usianze na maji, maji hayaung'oi. Kitambaa na mafuta ya kupikia, huku mnakwenda zahanati. Kimbia!"

Mikono yake iliyolowa mafuta iliteleza kwenye kitasa mara mbili. Fundi, amejifunga taulo, ndiye aliyemfungulia mlango.

Alipofika zahanati, muuguzi alikuwa amemwinamia mtoto. Kifua kidogo kilipanda, kikasimama. Midomo ilikuwa imepauka. Mkandaji akanyoosha mikono.

"Wewe rudi nyuma!" muuguzi alifoka. "Unanuka mafuta mwili mzima. Nenda kanawe."

Akasimama kwenye sinki, akisugua mikono mpaka viwiko, mgongo kwa mjukuu wake. Hakuthubutu kugeuka. Alihesabu pumzi kwa masikio. Moja. Kimya. Kimya kirefu.

Ndipo mtoto akakohoa, akaangua kilio kikali, cha hasira. Mkandaji hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile.

"Nani alikwambia mtoto mchanga hupakwa hivi?" muuguzi alimuuliza binti.

Binti akatazama sakafu. Alikuwa anamfichia mama yake.

"Mimi," mkandaji alisema. "Ni ya kilimo hai, nilidhani hayana madhara."

"Basi sikiliza, mama. Shamba halikunyunyiziwa dawa, sawa. Lakini ukali ni wa mnanaa wenyewe. Wangapi wengine umewaambia?"

Mkandaji akamkumbuka fundi na kichanga wake. Kisha akachomoa simu.

"Fundi, uko wapi?"

"Nimeshafika nyumbani. Mjukuu vipi?"

"Yupo. Kichanga wako umempaka ule mnanaa?"

"Mimi sijampaka. Lakini nilimwacha na mdogo wangu..."

"Nenda kamtazame. Usikate simu!"

Akasikia kandambili zikikimbia, mlango ukigonga ukuta. Mkandaji akaibana simu sikioni.

"Kalala," fundi alisema, akihema. "Anakoroma kama baba yake. Chupa haijafunguliwa."

Mkandaji akaketi pale pale sakafuni, akatafuta namba ya mteja mwingine aliyewahi kumwimbia wimbo ule.