Viatu Mlangoni pa Ushirika

Kwaru, kwaru, kwaru. Mwanapili aliamka gizani akadhani panya ameingia kapu la muhogo. Akapapasa kitandani: binti yake Mwanaima yupo, mumewe hayupo. Akachungulia ukumbini. Suleiman alikuwa amechutama kando ya koroboi, anasugua kiatu cheusi kwa kitambaa.

"Wakipaka nini hicho kiatu?"

"Masizi na mafuta ya nazi. Rangi ya dukani imekwisha, na mke wangu haendi ofisini na viatu vilivyopauka."

Viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima, vya Mwalimu Hannah aliyemfundisha kusoma na kuandika katika darasa la jioni. Vilimzidi hata ikabidi vishindiliwe pamba. Lakini Bwana Ngala, karani mkuu wa ushirika wa korosho pale Msambweni, alikwisha kusema: gauni, si kanga, viatu vya kufunika, si ndara, vidole vya miguu visionekane. "Hapa ni ofisini, si kisimani." Angemjaribu Jumatatu hiyo moja. Akiridhika, kazi ni yake. Asiporidhika, kuna kijana wa Ukunda anasubiri, tena ana suruali mbili.

Kulipokucha, mama mkwe, Bi Chiku, alimzunguka akimkagua. "Gauni refu, mtandio, buibui la njiani. Hapo sina neno. Lakini kwa viatu hivyo, mwanangu, watembea kama bata aliyechomwa mwiba."

"Nitazoea, mama."

"Haya, zoea. Adhuhuri nitakuletea mtoto umwone, asije akauamsha mtaa mzima kwa kilio."

Bwana Ngala alimpokea mlangoni, kaptura imenyooshwa kwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini. Alikuwa mtu wa Kaloleni aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi. "Mimi naenda Kwale. Wakulima wakija, waandike majina, kila mmoja umpe siku yake ya kuleta korosho." Akapanda baiskeli kwenda kuwahi basi.

Mwanapili aliinua mguu aingie, mguu ukabaki hewani. Kuanzia kizingitini hadi mezani palitandikwa mkeka mpya wa rangi, zambarau na kijani, kazi ya kina mama wa Tiwi. Bwana Ngala aliutandika ili watu wapangusie viatu, kama alivyoona Nairobi. Hilo Mwanapili hakuambiwa, na angeambiwa asingeamini. Mkeka kama ule hukaliwa na bibi harusi. Na viatu vyake vilianza kuvuja masizi kwa joto. Akavivua, akaviweka kivulini vikauke, akinuia kuvivaa tena baadaye kidogo.

Hajakaa vizuri, hodi. Alikuwa Mzee Kibwana, mkulima wa pale pale.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akatazama viatu, akatazama mkeka, akavua makubadhi yake akayapanga sambamba na vile vyeusi. Nyuma yake alikuja Chengo wa kule bara kukavu, na ndara zake za mpira wa gari.

"We Chengo, vua hayo matairi. Lori halipandi mkekani."

"Navua, mzee. Ila miguu yangu ikinuka msinilaumu, mmeitaka wenyewe."

Kila aliyekuja alivua. Walikaa mkekani, miguu wameikunja, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliokaribishwa nyumbani kwa mtu. Hakuna aliyegonga meza wala aliyemsukuma mwenziwe. Mwanapili aliandika, akaita, akaandika, hata akasahau kwamba ana miguu.

Adhuhuri Bi Chiku aliingia na mtoto. Nyuma yao, kupitia dirishani, Mwanapili alimwona Bwana Ngala akishuka baiskeli taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye safu ya viatu. Akavua kofia. Akafungua kamba za viatu, akaingia ameinamisha kichwa.

"Poleni, jamaa zangu. Nani ametutoka?"

Watu wakatazamana. "Hajatutoka mtu," alisema Mzee Kibwana. "Zimetutoka kelele tu."

Bwana Ngala akaangalia chini ya meza. Vidole kumi, vyenye hina.

"Bi Mwanapili, nilisema nini juu ya vidole?"

"Ulisema visionekane, bwana." Kijana wa Ukunda na suruali zake alimpitia machoni. "Lakini mkeka huu nimeshindwa kuukanyaga. Kosa ni langu, si la hawa."

"Wamebaki wangapi hawajahudumiwa?"

"Hakuna. Hawa wanapumzika tu."

Bwana Ngala alitazama orodha ya majina. Wiki iliyopita watu hawa hawa walimweka hadi magharibi. Akakohoa. "Basi, kazi umeipata. Kesho uwahi. Na viatu uviache pale pale ulipoviacha leo."

Mwanapili alishusha pumzi. Hapo ndipo alipoona kwamba Bwana Ngala alikuwa akisema yote hayo mguu mmoja ameuficha nyuma ya mwingine. Watu wazima wote walikuwa wanatazama dari. Mwanaima alichuchumaa, akachungulia vizuri.

"Mama," alisema, "kidole cha bwana kimetoka nje ya soksi."