Kipimo cha Kukumbatia

Mimi naitwa Godoro. Jina hilo sikupewa na mama. Nilipewa na wateja, na kwa miaka kumi na moja nililivaa kwa raha zote kwa sababu lilikuwa la kweli. Ukinikumbatia ulizama. Ukizama ulitulia. Ukitulia nilikupima, na wewe hukujua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika duka la dada yangu. Dada ni fundi cherehani, na huwashonea wanawake wakubwa tu. Wembamba wakiingia anawaonyesha mlango kwa adabu, kama watu waliokosea nyumba. Sasa, mwanamke mkubwa ana adui mmoja duniani, na wala si chakula. Ni futi ya kamba. Hebu fikiria ile kamba ya njano inakuzunguka kiuno, ncha zinakataa kukutana, halafu fundi anamsomea mwenzake namba kwa sauti, na kwenye benchi wapo wateja watatu wanaojifanya wanatazama simu! Nimewaona wanawake wanaotetemesha ofisi nzima wakigeuka watoto hapo.

Kwa hiyo sisi hatukutumia futi. Mteja aliingia, nikamfungulia mikono. "Njoo mama, njoo tugonganishe matumbo!" Akacheka, nikamkumbatia. Viganja vyangu vikikutana mgongoni kwake, ni inchi arobaini na nne. Vikigusana kucha tu, hamsini. Visipogusana, nafasi iliyobaki naijua kama ninavyojua upana wa kitanda changu. Baada ya hapo nilipita nyuma ya pazia, nikaandika namba kwa chaki kwenye meza ya Dada. Alikata kitambaa, akafuta chaki. Hakuna mteja aliyewahi kuisikia namba yake, na hakuna gauni lililowahi kurudi.

Halafu magoti yangu yakagoma. Daktari akatazama picha za mifupa, akanitazama mimi, akasema nichague ninachotaka kubaki nacho, tumbo au miguu.

"Na mikono nayo wataipunguza?" Dada aliuliza.

"Mikono inabaki, Dada."

"Haya. Ila ukirudi umegeuka fimbo, usiniombe ukuta wa kukuegemeza."

Basi wakanikata tumbo, wakaniachia kipande cha ukubwa wa ndizi. Hospitali walinieleza mengi: nitatafuna polepole, nitameza vidonge vya vitamini hadi kaburini, nitakula kijiko kimoja na kuwaangalia wenzangu wakila sahani. Labda na yale mengine waliyasema, ila mimi nilikuwa nimeshaanza kuchagua suruali kichwani.

Nywele zilianza kutoka na kitana, bila ugomvi, kama zilizoitwa kwingine. Baridi ikanihamia mifupani. Jua kali, watu wanajipepea, mimi nimevaa sweta mbili. Siku ya kwanza niliporudi dukani, baada ya miezi saba ya kuuguza nyumbani, niliketi kwenye benchi nikaruka. Nilikuwa nimekalia mifupa yangu mwenyewe, na sikuwahi kujua kwamba ninayo. Nikinywa chai yenye sukari, funda la tatu tu, moyo unakimbia, jasho linatiririka, nalala sakafuni chini ya meza ya kukatia hadi dunia itulie. Na ngozi? Ngozi haikuondoka na wenzake. Ilibaki inaning'inia kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba ya nguo. Asubuhi naikunja, naiingiza ndani ya sketi, nafunga kifungo.

Mlinzi wa jengo letu alikuwa akitazama juu ya kichwa changu kwa miaka yote kumi na moja. Wiki niliyorudi alinifungulia mlango, akatabasamu, akaniuliza kama mimi ni mgeni. Nilikwenda chooni nikalia. Kisha nikamchukia. Kesho yake nikapita mlango ule mara tatu.

Lakini kilichonitia hasara zaidi ni ulimi, maana ulibaki na uzito wake uleule. Aliingia mteja mmoja anahema, nikamwambia kama zamani, "Mama, ukishuka ngazi zetu uziage kabisa, huenda msionane tena." Zamani angenipiga begani na kucheka hadi machozi. Safari hii alinitazama kuanzia shingo hadi viatu, akachukua mkoba wake, akaondoka.

"Sasa hapo nimesema nini kibaya?" nikauliza.

Fundi Vifungo akajibu. Huyu ni mama mtu mzima anayeshona vifungo na zipu, na mdomo wake umechongoka kuliko sindano zake. "Zamani ulikuwa unatutukana na wewe ukiwa humohumo. Siku hizi umetoka nje, unaturushia mawe."

Dada alinikataza kukumbatia. Mwanzoni alisema ni kwa ajili ya kidonda. Nikamwonyesha kwamba kilishapona, akasema wateja wanalalamika kwamba nawachoma na mifupa. Akaanza kupima kwa futi, kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za msiba. Wateja wakapungua. Nami nikawa mtu wa kufagia nyuzi. Nilimsikia akimwambia Vifungo kwamba kule nyuma, kwenye pasi, kunahitajika mtu. Kwenye pasi humwoni mteja na mteja hakuoni. Ni kama kuzikwa ukiwa na mshahara.

Ndipo akaja Mwalimu.

Mwalimu anafundisha hesabu, na alikuwa mteja wetu tangu siku za cherehani moja. Sasa, akiwa na miaka arobaini na miwili, alikuwa anaolewa. Aliingia na kitambaa cha satini mkononi, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Dada akanyoosha mkono kuchukua futi.

"Hiyo kamba irudishe," Mwalimu akasema. "Nilipokuwa darasa la tano, nesi alitupima shule nzima, yangu akaitangaza kwa kipaza sauti. Mpaka leo nikikutana na niliosoma nao wananiita kwa kilo. Hilo gauni sitaki liwe na namba. Godoro yuko wapi?"

"Ndiye huyu," Dada akasema, akinionyesha mimi na ufagio wangu.

Mwalimu akanisogelea. "Jamani. Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa zamani, Mwalimu. Sasa nimepona."

Dada alinivuta nyuma ya pazia. "Tumtulize, tumpime kwa futi."

"Niachie mimi. Mikono ni ileile."

"Una hakika?"

"Dada, mikono hii imekulisha."

"Haya. Gauni hili likikaa sawa, unarudi mlangoni na kazi yako. Lisipokaa, kesho yake uko kwenye pasi, na nisisikie neno."

Nikatoka, nikafungua mikono, Mwalimu akaja. Nilifumba macho kama kawaida. Na mikono yangu, ambayo kwa mwanamke huyu haikuwahi kukutana hata siku moja, ikakutana! Kucha, vidole, hadi nusu ya viganja. Nilifurahi hadi nikasahau kufikiri.

"Mwalimu! Umepungua!"

"Mimi?"

"Inchi tano nzima! Na unanyamaza tu, mchoyo wewe!"

Uso wake ulifunguka kama dirisha. Akajishika kiuno kwa mikono miwili, akazunguka mbele ya kioo, akasema anajua ni zile ngazi za ghorofa ya tatu shuleni kwake, alihisi, ila aliogopa kuamini. Alimpigia mchumba wake simu palepale akiwa amesimama mlangoni kwetu. "Unajua fundi amesema nini?" Niliandika kwa chaki: arobaini na saba. Dada aliitazama ile namba, akamchungulia Mwalimu kupitia pazia, akaitazama tena.

"Aje ajaribu kabla sijafunga mishono," Dada akasema.

Mwalimu akakataa katakata. Alisema kuvua nguo mbele ya kioo ni mara moja tu, siku yenyewe. "Godoro hajawahi kukosea."

Na kweli, sikuwahi.

Siku ya harusi alifika asubuhi, gari linamngoja nje. Alivua gauni lake la bluu, tulilomshonea mwaka uliopita, akalitundika kwenye ndoano. Tukamvisha satini. Gauni lilipanda magotini, likapanda mapajani, likafika kiunoni likasimama. Vifungo akashika zipu.

"Vuta pumzi, Mwalimu."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Nikivuta tena mtanizika, hamtaniozesha."

Zipu ilikuwa imekwama, na juu yake mgongo wa Mwalimu ulikuwa wazi, upana wa kiganja kizima. Dada alinitazama kupitia bega la bibi harusi. Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema, wala hakuhitaji. Palepale nilielewa. Miaka yote ile mikono yangu haikuwa ikimzunguka mteja peke yake, ilikuwa ikivuka kwanza tumbo langu. Tumbo limekwenda, mikono imeongezewa njia, na mimi nikadhani dunia ndiyo iliyopungua.

Ningeweza kusema hivyo. Maneno yalikuwapo, yamefika hadi kwenye meno. Nikaliona lile pazia la nyuma, nikaiona pasi.

"Mwalimu," nikasema, "umeongezeka."

Vifungo aliachia zipu.

"Nimeongezeka?"

"Wiki mbili hizi. Ndivyo ilivyo, bibi harusi wengi wanakula kwa wasiwasi. Usione aibu, tuko wanawake watupu hapa."

"Sijala," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya darasa la tano. "Tangu uliponiambia nimepungua, nakunywa maji ya limau na kula tango. Nilitaka niendelee. Juzi nilianguka ubaoni mbele ya wanafunzi."

"Basi ni maji," nikasema. "Maji nayo yanajaza." Na nikacheka. Sijui kwa nini, lakini nilicheka.

Aliketi kwenye kigoda, gauni limefunguka mgongoni, machozi yakipita juu ya vipodozi na kudondokea satini. Nje gari likapiga honi. Mwalimu akajifuta kwa kiganja, akanyoosha mkono kwa Dada.

"Lete hiyo kamba."

"Mwalimu, si lazima, tutatafuta—"

"Lete. Na usome kwa sauti. Kama nimemharibia mtu wa watu harusi yake, nataka nijue kwa inchi ngapi."

Akasimama. Dada akamzungushia futi kiunoni, akatema pini, akasoma. "Hamsini na mbili."

"Mwaka jana nilikuwa ngapi?"

"Hatuandiki. Tunafuta."

"Lile la bluu si lipo? Lipime."

Dada aligeuza gauni la bluu ndani nje, akapima mshono wa kiuno, akapima tena. "Hili nalo tulikata hamsini na mbili."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya, nadhani, mwanafunzi anapofika mstari wa mwisho wa hesabu. "Kwa hiyo sijaongezeka. Wala sijapungua. Sijaongezeka wala sijapungua hata siku moja." Akanigeukia. "Sasa hapa ndani aliyebadilika ni nani?"

Hata mtoto wa chekechea angejibu.

Dada hakupoteza muda kunitazama. Satini ya ziada haikuwapo, basi alichukua mkasi akakata mkia wa gauni, mita mbili nzima ambazo Mwalimu alikuwa ametuchorea mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Akautumia kutengeneza kipande cha mgongoni. Cherehani mbili zililia kwa pamoja. Mimi nilishika taa. Saa nzima Mwalimu alisimama ameshikilia kifua cha gauni lake, na simu yake ikiita mkobani.

Lilipokamilika lilimkaa. Halikuwa na mkia, na kwa nyuma mshono mmoja ulionekana, lakini lilimkaa. Alijitazama mara moja tu kwenye kioo, akachukua maua yake, akafika mlangoni, akarudi.

"Godoro. Njoo nikukumbatie."

Nilikwenda. Mjinga mimi, nilidhani nasamehewa. Mikono yake ilinizunguka, ikapita, ikaendelea, hadi viganja vikashika viwiko vyake mwenyewe. Alifumba macho, akatulia, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nilisikia joto lake lote, la kwanza kunifikia baada ya miezi mingi, na Mungu anisamehe, nilitamani asiniachie. Halafu akafumbua macho, akamgeukia Dada, akasema kwa sauti, wazi, kama mtu anayesoma futi:

"Hamna mtu humu."

Akaenda kuolewa.

Dada aliikunja futi ya njano, akamvika Vifungo shingoni, akafungua pazia la nyuma, akalishikilia hadi nilipopita.

Kwenye pasi si pabaya. Pana mvuke, na mimi na baridi yangu tunapatana napo. Ngazi zile za jengo siku hizi nazipanda mbilimbili. Magoti hayana neno. Wateja wapya wakisikia naitwa Godoro wanashangaa, na Vifungo huwajibu kabla sijafungua mdomo: "Lilikuwa godoro kweli. Wametoa sufi, wametuachia foronya." Wanacheka. Na mimi nacheka nikiwa nyuma ya pazia. Ni mzaha mzuri, ningeutunga mwenyewe.

Mwalimu bado anakuja. Anasimama katikati ya duka, ananyanyua mikono, anapimwa kwa futi kama askari. Vifungo akijaribu kunong'ona namba, anamkatiza.

"Sauti, mama. Na yule wa kwenye pasi asikie."