Kadi Ilisema Ukumbini

Kabla simu hazijawa na kamera, harusi za mtaani kwetu Junda zilialikwa kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya mama yangu, Bi Mwanatatu. Ukiwa na binti wa kuoza ulimwita, ukamtajia nyumba za kualika, naye akavaa buibui akazizungukia moja moja. Nilipokuwa mdogo nilifuatana naye. Alibisha, akangoja, akaingia, akauliza hali ya mgonjwa na ya mtoto aliyekwenda Oman, akanywa kahawa, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla, akasema ni harusi ya nani na lini. Asubuhi nzima iliishia kwenye nyumba chache tu. Leo ningetoa chochote nipoteze asubuhi namna ile.

Mimi kazi yangu ni kuwatia maharusi hina, na wateja wangu wote nawapata kwenye simu. Napiga picha mkono uliokolea vizuri, naiweka kwenye stetasi, na chai haijapoa mtu wa Kiembeni au Magongo anauliza bei. Kwa hiyo dada yangu Kulthum alipochumbiwa, na magoti ya mama hayamfikishi tena hata dukani, nilimwambia asijisumbue. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikawatia wanawake wote tunaojuana nao, nikabandika kadi yenye maua ya dhahabu. Kupamba, siku ambayo bibi harusi huketishwa wanawake wakamtazama, kutakuwa Ijumaa, ukumbini Kiembeni, orofa ya pili.

Mashallah zikamiminika. Mama akauliza kutoka kitandani, "Wamesema waja?"

"Wameweka maua, mama."

"Maua si jibu."

Niliudhika. Nilijiona mtu wa mjini anayewafundisha watu wazima, na watu wazima hawafundishiki. Kesho yake nikamkuta jirani yetu Bi Rahima kwenye ukuta wa uani, akianika nguo.

"Shikamoo, Bi Rahima."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia muna harusi."

Nasikia! Na moyo mwekundu aliuweka yeye mwenyewe, chini ya kadi. Nikamuuliza kama hakuiona.

"Kadi nimeiona," akasema. "Lakini sikualikwa. Mtu haendi harusini kwa kuona kadi. Na hao wenzangu wote wangoja kama mimi."

Nilirudi ndani nimenywea. Mama alikuwa amewaalikia watu harusi za mabinti zao Kisauni nzima. Binti yake mwenyewe akiketi mbele ya viti vitupu, mama hatainua tena uso mtaani. Nilimweleza yote, nikingoja anikemee. Alinyoosha mkono akasema, "Lete simu."

Nikamwonyesha. Bonyeza hapa penye kipaza sauti, shikilia, sema, achilia. Akaniambia ningoje. Aliingia chumbani akijishika ukutani, akatoka amevaa buibui, na udi unanukia mpaka mlangoni.

"Mama, hawakuoni."

"Naingia majumbani mwa watu, Ruwaida."

Akaketi, akabonyeza. "Hodi," akasema. Kisha kimya.

"Mama, sema, inarekodi."

"Ngoja. Mtu hajafungua mlango."

Nilicheka mpaka nikajiegemeza mlangoni. Alinitoa nje, akasema mambo ya watu si ya kusikilizwa na kila mtu. Tangu hapo hadi Alhamisi nilisikia sauti yake tu nyuma ya pazia, ikipanda na kushuka, mara akitoa pole, mara akicheka, na simu ikilia kabla hajaigusa anaiitikia, "Abee." Alijifunza yote. Kila mtu alimpelekea ujumbe wake peke yake, wala hakuwatupia wote kwenye kundi kama nilivyofanya mimi. Na majibu nayo yalikuja marefu, sauti za wanawake ambao sikuwa nimewasikia tangu utoto wangu. Nilizisikia kwa mbali nikatamani kuwa mdogo tena, nimeshika pindo la buibui lile.

Ijumaa tulitangulia ukumbini. Mama alisema atafuata na Bi Rahima. Kulthum alipambwa akapendeza kuliko nilivyowahi kumwona, wapiga ngoma wakaketi tayari, viti vikapangwa. Na hakuna aliyekuja. Magharibi ikapita. Kulthum aliniangalia, rangi aliyopakwa machoni ikaanza kumchuruzika kwa machozi. Nilishika simu nikaandika kwenye kundi: Jamani, mko wapi?

Bi Rahima alijibu kwa picha. Wanawake wa kwetu hawapigwi picha wakiwa wamejipamba, kwa hiyo alipiga viatu. Viatu vilijaa mlangoni petu mpaka nje ya geti, vya kumetameta na vya kanda mbili, vimepandana. Chini akaandika: Sisi tumefika zamani. Bibi harusi yuwapi?

Tulimpakia Kulthum na ngoma na wapiga ngoma wake, tukarudi Junda. Mikeka ilikuwa imetandikwa ua mzima. Kitanda cha mama kilikuwa kimetolewa nje na kutandikwa shuka nyeupe, kama zilivyofanywa harusi zote nilizokulia. Yeye alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, akipokea mikono ya watu.

Nikamwinamia sikioni. "Mama, uliwaalika wapi?"

"Nyumbani."

"Kadi ilisema ukumbini."

"Kadi ni yako." Alimalizana kwanza na mgeni aliyekuwa amemshika mkono, akamuuliza habari za mjukuu. Kisha akanigeukia. "Orofa ya pili, mwanangu. Mimi nitawaalikaje watu mahali nisipoweza kufika?"

Machozi yalinitoka mbele za watu wote, nami sikuyafuta. Nilikwenda nikamshika Kulthum mkono, nikamketisha kitandani, kisha nikakivuta kiti cha mama karibu, mpaka akaweza kumgusa.