Hodi ya Barabara ya Tisa

Asheri alipokuwa akiteremka kutoka Mbaga kwenda kupanda gari moshi pale Same, kila mtu alimwonya juu ya wezi wa Tanga. Mkewe Yudith hakuwataja wezi. Alisema, "Baba Fanueli, kaangalie kama watu wa huko huzikana. Kama huzikana, niandikie, nitakuja na watoto. Kama hawazikani, maliza kazi yako urudi."

Basi seremala wetu akaingia mjini, mwaka ule wa hamsini na moja, macho yamemtoka pima. Akapanga chumba Ngamiani, Barabara ya Tisa, kwa mjane aitwaye Salama. Siku mbili za kwanza aliwasalimu wapita njia mpaka mate yakamkauka. Aliyemjibu alikuwa mmoja tu, mzee Athumani, muuza kahawa wa chumba cha pili. Asheri akaanza kuuhukumu mji, na kuhukumu mji ni kazi nyepesi, huhitaji hata kutoka kitandani.

Asubuhi ya tatu kikalia king'ora cha karakana ya reli, kuwaita wafanyakazi wake. Kwao, baragumu likilia alfajiri ni msaragambo: kila mwanamume huchukua jembe akaenda kuzibua mfereji au kutengeneza ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba, na anayebaki kitandani husemwa mwaka mzima. Asheri hakujiuliza mara mbili. Alikwapua jembe la Salama uani, akafuata mkondo wa watu hadi langoni. Mlinzi akamwuliza namba yake ya kazi. Akajibu kwamba amesikia mwito, amekuja kusaidia, aonyeshwe tu panapochimbwa.

Watu walicheka wakashikana mabega. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita Bwana Baragumu, na vijana wakawa wanagonga mlango wake, wanampigia kelele kwamba anaitwa kazini, kisha wanatoka mbio.

Mzee Athumani hakucheka. Alimmiminia kahawa, akasema, "Hata hapa tunaitana, mwanangu. Ila hatupigi baragumu. Tunabisha hodi."

Asheri aliyasikia maneno hayo kwa sikio moja, maana aibu ilikwisha kumpanda kichwani. Aliapa kwamba hatoki tena kwa mwito wa mtu yeyote.

Jumamosi hakuwa na kazi, akalala fofofo mpaka mchana, hodi ikamwamsha. Sauti ya kiume ikasema wanaume wa nyumba wanahitajika. Asheri akanyamaza. Ikabishwa tena, taratibu, kisha mara ya tatu. Akajifunika shuka gubigubi. Nyayo zilipoondoka alijipongeza kwamba safari hii hawakumpata.

Alasiri alitoka kutafuta maji ya kunywa, akamkuta Salama uani anakunja mikeka, macho mekundu. Mlango wa mzee ulikuwa wazi na chumba kimefagiliwa. Asheri akatoa shikamoo, Salama akaitikia marahaba, kisha akamweleza bila kupandisha sauti. Mzee alirudi asubuhi akilalamikia kifua, na adhuhuri haijafika akakata roho. Hakuwa na mtoto wala ndugu, na wanaume wa mtaa walikuwa makazini.

"Tulibisha kwako mara tatu," alisema. "Jeneza lilipungukiwa bega moja. Tukamsimamisha Mgoa mmoja, Mhindi Mkristo, aliyekuwa anapita na baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akabeba mpaka makaburini. Hata jina la mzee alikuwa halijui."

Asheri alitaka kueleza habari za wale vijana waliokuwa wakimgongea mlango. Udhuru wake aliuona mdogo mno mbele ya ile mikeka.

Siku ya pili akakaa na karatasi amwandikie Yudith. Jibu alilotumwa alikuwa nalo, tena jema: huku watu huzikana, hata asiyekujua atakubeba. Lakini kuandika hivyo kulimtaka aseme pia yeye alikuwa wapi, na hapo mkono ukagoma. Mwishowe aliandika kwamba watu wa Tanga hawazikani, asije.

Yudith aliamini. Kazi ilipokwisha Asheri alirudi milimani, na hakuna alichokijutia maishani kama barua ile. Kila mtu wa Mbaga aliyetaka kuhamia Tanga, Yudith alimkanya, akamwambia kule watu hawazikani, mume wangu amejionea kwa macho yake. Na mumewe, aliyekaa pale pale akisikia, hakuwahi kumsahihisha.