Sauti Chini ya Shuka

Maneno yale hayakuwa kwenye hati. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ukumbini, kwa sababu hati aliitafsiri mwenyewe, mstari kwa mstari, kwenye meza ya jikoni. Sasa msichana wa katuni amejifunika shuka gubigubi, na kutoka chini ya shuka inatoka sauti:

"Kila mtu anamtaka yule wa zamani. Mimi huyu hakuna anayenitaka. Hata wewe, mama. Ukiniangalia unamtafuta yule mdogo, na mimi nimekaa hapa hapa."

Sauti ilikuwa ya bintiye, na bintiye alikuwa amekaa kiti cha kulia kwake, kimya.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Mama alikuwa mwongozaji wa sauti: katuni zikija na lugha za mbali, yeye na watu wake huzivisha Kiswahili. Miaka mitano nyuma ilikuja filamu ya msichana ambaye hisia zake ni wanyama wanaomfuata kila aendako. Furaha ni mwanambuzi, woga ni sungura, hasira ni jogoo. Binti wa mama, wakati huo ana miaka tisa na mdomo usiotulia, ndiye aliyempa msichana yule sauti, na nyumba nzima ikaanza kumwita Kasuku. Sasa imekuja sehemu ya pili. Msichana ametimiza kumi na minne, mwanambuzi ameota pembe na haambiliki, na mlangoni kuna mnyama mgeni ambaye hakuna anayemjua jina. Kasuku naye ana kumi na minne. Mama aliona riziki imemfuata mpaka kitandani.

Siku ya kurekodi tukio la shuka, mambo yaligoma. Kasuku alisoma mistari kama anayesoma tangazo la kukatika maji. Mama akamwambia rudia. Akarudia. Rudia tena. Zikafika mara kumi na sita. Mwishowe mama, kwa ule ukali wa watu wenye haraka, akamwambia aachane na karatasi, aseme chochote kinachomuuma, maana uso umefunikwa na hakuna midomo ya kufuatisha. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa mwenye filamu. Mama akavua hedifoni, akageuka pembeni kuzungumza, na alipoinua macho akamwona mtoto nyuma ya kioo, amefumba macho, machozi yanamtiririka. Imepatikana hiyo! Kwenye karatasi ya kazi, mbele ya namba kumi na saba, akachora nyota, yaani fundi apachike hii. Hakuisikiliza. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sauti haitazamwi, na mtu aliyelishwa na masikio yake miaka ishirini alipaswa kulijua hilo.

Fundi wa sauti alipachika. Yeye aliona mtoto ameigiza vizuri ajabu, na nyota ni nyota.

Ukumbini walikuwa watu kama thelathini, wamekuja kuikagua filamu kabla haijatoka. Mwenye filamu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya tai. Mwanamke wa nyuma akanong'ona kwamba mtoto huyo ana kipaji. Mtama wa Kasuku ulikuwa umeshamwagwa kwenye kuku wengi, na Ijumaa ungemwagwa kwenye kumbi zote za nchi. Mama alikuwa bado ameikodolea skrini macho Kasuku alipoinuka na kutoka.

Alimkuta kwenye ujia, amesimama mbele ya mtungi wa kuzimia moto, anasoma maelekezo yake kama ana mtihani.

"Uliipenda mpaka ukaiweka," Kasuku alisema bila kugeuka.

"Mwanangu, mimi..."

"Nilikuwa nakwambia wewe, mama. Sio filamu. Ulisema niseme kinachoniuma, nikasema. Halafu ukaninyooshea kidole gumba."

Mama alikikumbuka kidole kile. Alikinyoosha huku simu iko sikioni upande wa pili, mwenye filamu akimuuliza kuhusu tarehe.

"Wiki tatu nasubiri useme kitu nyumbani," Kasuku aliendelea. "Nikajipa moyo, labda anatafuta maneno."

Uongo ulikuwa karibu, tena umepigwa pasi. Angeweza kusema alisikia, akaguswa, akakosa pa kuanzia. Mama wengi wangejisitiri nao, na simlaumu ambaye angefanya hivyo.

"Sikusikia," alisema. "Nilikuwa kwenye simu. Nimesikia leo, pamoja na wale wote."

Kasuku akageuka. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo, na uso wake ulionyesha.

"Hata kidogo?"

"Hata neno moja."

Mwenye filamu akatokea na tabasamu lake, akisema kipande kile ndicho filamu yenyewe. Mama akamwambia kinaondolewa leo. Yule bwana akaleta habari za mkataba na muda. Mama akamjibu kwamba maneno yale si ya filamu, aliambiwa yeye, mama mtu, na hakuyapokea, na kama hakiondolewi, atafutwe mwongozaji mwingine kabla ya saa sita. Bwana akamtazama Kasuku, akamtazama mama, akaona heri yaishe.

Fundi alipofungua rekodi ili akate, mama alimwomba Kasuku ruhusa ya kuisikiliza yote. Mtoto akainua mabega tu, lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni.

Filamu ilikuwa imechukua sekunde kumi na moja. Rekodi ilikuwa ya dakika nne. Mama akavaa hedifoni. Akasikia kwamba mtoto wake analala na taa, kwamba darasani haongei kwa sababu sauti imembadilika na wanamcheka, kwamba jina la Kasuku amelichoka tangu mwaka jana. Kila neno lilimpiga kama jipya, nalo lilikuwa na umri wa wiki tatu. Halafu kukawa kimya, na mama akajua hapo ndipo kilipokaa kidole gumba.

Kisha pua ikavutwa, na sauti ikasogea karibu kabisa na kipaza sauti, nyepesi, yenye furaha ambayo mama hakuwa ameisikia mwaka mzima.

"Asante, mama. Nilidhani utakasirika."

Rekodi ikaisha. Mama alibaki na hedifoni masikioni, anaogopa kugeukia mlangoni.