Ng'ombe wa Ng'washi Kwenye Ramani

Jumatatu ya kwanza ya Juni 1996, saa mbili asubuhi, Ng'washi wa Nkoma aliingia katika kampuni ya upimaji nyuma ya soko la Bariadi, akaegemeza fimbo mlangoni na kukaa kwenye benchi. Mezani alikuwapo Matiasi Holtz, Mjerumani, mtaalamu wa nyota na mchoraji ramani, aliyefariki mwaka 1592. Kampuni ilikuwa imempunguza kazini mchoraji wake, na marehemu hadai mshahara.

"Mwangaluka, babu," Ng'washi alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Holtz alimjibu mama huyo bila kuinua kalamu.

Ng'washi akaeleza shida yake. Ngitili ya familia yake amepewa mwekezaji wa pamba. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote. Haingii hata ndama, ili kiangazi ng'ombe wakute nyasi. Wapimaji walikuja mwezi wa tatu. Hawakuona kwato wala kinyesi wala mtu, wakaandika kuwa ni eneo tupu. Na wamesoma hao. Sasa kiangazi kimeingia na ng'ombe wake kumi na mmoja hawana pa kula.

Holtz akaweka kalamu chini. Alisema yeye ni mtoto wa mfumaji, alipima nyota tangu ujana, akachora dunia nzima bila kutoka mjini kwao. Asipopajua alipaacha peupe. Hapa alipaacha peupe, na waliomfuata wakanakili.

"Ungeuliza," Ng'washi alisema.

"Kweli, mayu. Ningeuliza."

Akatoka nje, akapima nyota zilizokuwa juu ya soko asubuhi ile, akarudi kuchora ngitili. Nyasi zikayumba kwenye karatasi na chumba kikanukia mvua. Kristofa, meneja, alikuja kuangalia, akapiga chafya, akakubali kuwa ramani sahihi ni hii. Kisha akagonga muhuri kwenye ile ya zamani, maana hati ya mwekezaji ilishasainiwa.

"Mama, si uwaingize ng'ombe humo tu?" alisema.

Jumatano Ng'washi akawaleta. Waliingia karatasini mmoja mmoja. Wa mwisho alikwama pembe kidogo. Wamenona kweli. Ila ramani ni mali ya kampuni, hufungiwa kabatini saa tisa na nusu, na maziwa hayatoki kwenye karatasi. Nyumbani wajukuu wanakula ugali na mlenda. Wiki hiyohiyo trekta lililima ngitili yote.

Ng'washi huja kila Jumatatu kuwaangalia, benchi lilelile. Inauma, na amechoka kusema inauma. Siku moja alimwomba Holtz amchore na yeye, pale karibu na ng'ombe.

"Fomu ya ramani haina nafasi ya watu, mayu."

"Umeuliza?"

Holtz akachovya kalamu kwenye wino, akaendelea kuchora kijiji cha Dutwa.