Kidole Kisichosoma

Mama Dobi alikuwa amezama kwenye mashuka ya nyumba ya wageni, povu mpaka viwikoni, simu ikalia.

"Mama, napiga kutoka makao makuu. Laini yako inafungwa leo. Nitajie zile tarakimu nilizokutumia sasa hivi."

Ndani ya simu ile ndimo ilimokuwa ada ya bintiye ya chuo cha uuguzi, iliyopatikana shuka kwa shuka. Akafumbua mdomo ataje.

"Usimtajie!" Shona-Viatu, jirani wa chumba cha pili, alisimama mlangoni akihema. "Kata, dada! Mimi wameshanikausha. Na mkopo wamechukua kwa jina langu!"

Akakata. Kumbe yule wakala wa mwavuli aliyepita uani wiki iliyopita akisajili laini za bure, alikuwa na lake jambo. Kila mpangaji aliambiwa, "Hakijasoma, weka kidole tena," na kila alipoweka tena, laini nyingine ilisajiliwa kwa jina lake bila yeye kujua. Kwa Mama Dobi wakala alijaribu mpaka akachoka. Miaka ya sabuni na dawa ya madoa ilikuwa imezifuta alama zote za vidole vyake. Wakala alisonya akaenda zake, ndiyo maana leo wakamjia kwa simu.

"Umeibiwa wewe, ukakimbilia kuniokoa mimi," alisema Mama Dobi, machozi yakimlenga. "Nikulipe nini, kaka?"

"Nifulie shati. Nakwenda polisi, na mchafu hasikilizwi."

Alilifua, akalipiga pasi likiwa bado bichi. Kisha naye akaenda ofisi ya kampuni ya simu, laini yake iwekewe ulinzi. Karani akamkandamiza kidole kwenye kimashine, akakifuta, akakandamiza tena.

"Mama, una vidole kweli wewe?"

"Vimebaki kwenye beseni, mwanangu."

Karani hakucheka. "Bila alama mfumo haukutambui. Mlete mtu mwenye vidole vizuri, tuiandikishe kwa jina lake."

"Pesa yangu, jina la mtu?"

"Ndiyo utaratibu. Anayefuata!"

Alhamdulillahi, miguu ilikuwa bado inamtambua. Akatoka, akaketi kwenye ngazi, akaituma ada yote chuoni ingawa ilikuwa haijatimia. Haya, mwizi na aje aibe sifuri! Akacheka peke yake, akamshukuru Mungu, akamshukuru na jirani.

Jioni Shona-Viatu alirudi, shati safi, uso umesawijika.

"Polisi wanasema kidole ni changu, basi na deni ni langu. Kila mwezi nilipe."

Mama Dobi alimsogezea kigoda, akampakulia chakula, kisha akakunja mikono ya gauni na kuvuta beseni jingine la mashuka.

"Kula, kaka. Vyangu havisomi, lakini vinafua. Tutalilipa wote."